Yafaa Tujifunze Kuuliza

Katika mjadala wa shule muhula uliopita ilitolewa hoja hii: kwamba maswali ya Wabunge hayana faida kwa watu wa kijijini. Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi, nami nilikuwa miongoni mwa walioshindwa. Sikuchukia, maana kura ni kura. Lakini tangu siku ile nimefikiri sana juu ya jambo lile, na sasa naomba nafasi katika gazeti letu nieleze ni wapi naona wenzangu walikosea, na ni wapi walikuwa na haki.

Msemaji mmoja wa upande wa pili alituchekesha sana. Alisimama, akajifanya Mbunge, akauliza, "Je, ni lini Serikali itajenga barabara ya kwetu?" Kisha akageuka, akajifanya Naibu Waziri, akajibu, "Serikali itajenga barabara hiyo kadiri fedha zitakavyopatikana." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotushinda. Mimi nami nilicheka. Lakini usiku nilipolala nilijiuliza: Je, kosa lilikuwa la aliyejibu tu, au la aliyeuliza pia?

Sisi tunaosoma Tabora tunakaa juu ya njia ya zamani. Kabla ya reli, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hata Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Kila kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara alikuwa na mambo matatu ya kuuliza kila alipofika kambini. Kwanza, njia ikoje, na maji yako wapi? Pili, kuna amani mbele, au kuna rugaruga? Tatu, kuna ndui katika vijiji vya mbele? Aliyekosa kuuliza alipoteza watu na mali. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa, na Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone alilazimika kuzunguka mbali upande wa kusini.

Basi, uchukuzi, uhalifu na afya ya watu si mambo mapya. Ndiyo maswali matatu ya kirangozi. Tofauti ni kwamba leo tunaye mtu tuliyemchagua ili atuulizie, na yuko mtu ambaye sheria yamtaka ajibu.

Haki hiyo haikuja yenyewe. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na Waafrika hawakuwamo hata mwaka 1945, walipoteuliwa Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa pande zetu waliokaa mbalimbali msituni, ikawakusanya katika makazi makubwa ili kuwaepusha na malale. Pengine nia ilikuwa njema, kwa kuwa malale huenezwa na mbung'o, nao mbung'o wanapenda misitu yetu ya miombo. Lakini waliohamishwa hawakuwa na mtu wao barazani wa kuuliza: Je, huko tuendako kuna maji? Mashamba tuliyoyaacha yatakuwaje?

Tena tukumbuke mkutano wa TANU uliofanyika hapa Tabora mwezi wa Januari, 1958. Wengi walitaka kuukataa uchaguzi wa kura tatu, kwa sababu masharti yake yalikuwa ya ubaguzi. Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki hivyo hivyo, na uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Mimi nauona hivi: wazee wale waliona kuwa ni afadhali kuingia ndani ya nyumba yenye kasoro na kusema humo, kuliko kubaki nje ukiwa na haki yote lakini bila sauti.

Leo Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 63, yasema kuwa Bunge laweza kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mbunge hulipeleka swali lake kwa maandishi mapema, wizara ikatafuta habari zake, na siku ya kujibu jibu husomwa mbele ya Bunge. Baadaye Mbunge aweza kuuliza maswali ya nyongeza. Yote huandikwa katika Taarifa Rasmi, ambayo watu huiita Hansard. Hili la kuandikwa ni jambo kubwa. Neno la mkutanoni hupeperuka na vumbi la gari la mgeni, bali jibu lililoandikwa hubaki, na mtu aweza kulirudia baada ya miaka mitatu akasema, "Mheshimiwa, hivi ndivyo mlivyotuambia."

Sasa nirudi kwenye kicheko chetu. Wenzangu walikuwa na haki kusema kwamba majibu mengi ni ya maneno matupu. Lakini swali lisilo na mwili huzaa jibu lisilo na mwili. Ukiuliza "ni lini", utajibiwa "fedha zikipatikana". Lakini ukitaja jina la daraja, na miezi ambayo halipitiki, na fedha zilizotengwa katika bajeti ya mwaka uliopita, kisha ukauliza zimetumika ngapi na kwa kazi gani, mjibuji hana kichaka cha kujifichia. Huko Uingereza, ambako desturi hii ilitoka, swali la kwanza linalokumbukwa liliulizwa mwaka 1721, nalo lilikuwa juu ya mtunza fedha wa kampuni iliyoanguka, aliyetoroka kwenda nchi ya nje. Halikuwa swali juu ya uaminifu kwa jumla. Lilikuwa juu ya mtu mmoja na mahali alipo.

Tuchukue uchukuzi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mguu wetu. Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 yalipoiharibu, safari za abiria zilisimama kwa miezi. Barabara nayo ilitutesa. Kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85 hivi, kilikuwa kikitajwa Bungeni mara nyingi, na lami yake ilifunguliwa mwaka 2022. Siwezi kusema kwamba maswali ndiyo yaliyomwaga lami. Fedha, mainjinia na vibarua ndio walioifanya kazi. Lakini nasema kwamba barabara isiyotajwa na mtu yeyote haikumbukwi na mtu yeyote.

Uhalifu nao una somo lake. Mikoa yetu ya magharibi na ya Ziwa imepata aibu kubwa kwa mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi, na ya watu wenye ualbino. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Bibi Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa Mbunge. Na mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi ndani ya Bunge alipokuwa akisema juu ya mauaji hayo. Machozi yale yalionyesha moyo wa mtu. Lakini jambo linalomlinda mtoto njiani ni hesabu: kesi ngapi zimefika mahakamani, ngapi zimehukumiwa, ngapi bado zinapelelezwa, na kwa nini? Watu wasipopata majibu hujitafutia dawa wenyewe. Katika miaka ya 1980 Sungusungu walianza pande hizi za Unyamwezi na Usukuma ili kuzuia wizi wa ng'ombe, na wezi kweli walipungua. Lakini mahali pengine walioteswa ni bibi vizee, ambao hawakuiba hata kuku.

Katika afya hapana budi kujua pia ni nani wa kuulizwa. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na swali lake hujibiwa na TAMISEMI. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Kitete, iko chini ya Wizara ya Afya. Hali kadhalika barabara kuu ni ya TANROADS, na ya kijijini ni ya TARURA. Anayeuliza mlango usio wake hupoteza siku, na mgonjwa hangoji.

Hapo ndipo jambo hili linaponigusa mwenyewe. Kwetu, kusini ya mji wa Tabora, kuna kijito ambacho wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Mvua zikinyesha hakivukiki. Usiku mmoja miaka michache iliyopita mjomba wangu alimpakia mkewe kwenye pikipiki ili ampeleke kituo cha afya kujifungua. Wakafika mtoni, wakakuta maji yamejaa. Wakangoja mpaka alfajiri. Shangazi yangu mkwe alipona; mtoto hakupona.

Mwezi uliofuata alikuja mgeni mheshimiwa, ukafanyika mkutano. Mzee wetu mmoja alisimama akasema kwa adabu, "Tunaomba mtukumbuke." Mgeni akajibu, "Nimesikia, mzee wangu." Tukapiga makofi. Nami nilikuwapo, nikapiga makofi pamoja na wengine, wala sikusema neno. Si mimi, si mjomba, hakuna aliyetaja kijito, wala usiku ule, wala mtoto. Nani basi angeandika swali, na angeandika nini?

Likizo iliyopita, mimi na wadogo zangu wawili tulichukua daftari. Tulimwuliza mwalimu mkuu wa shule ya msingi ni siku zipi watoto wa ng'ambo hawakuja shule kwa sababu ya maji. Tulimwuliza muuguzi wa zahanati, na mwenye duka anayengoja lori. Tulipojumlisha tulipata siku 19 katika msimu mmoja wa mvua. Tukaandika ukurasa mmoja, tukampelekea Mwenyekiti wa Kijiji, naye akausoma mbele ya mkutano mkuu. Mjomba alisimama akasimulia habari yake kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Diwani aliuchukua ukurasa ule kwenda nao halmashauri, na nakala moja ikapelekwa kwa Mbunge. Daraja bado halijajengwa, wala sitaki mtu adhani kwamba limejengwa. Lakini sasa kijito kile kina jina katika karatasi, na siku zake zimehesabiwa.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: msiombe kukumbukwa, ulizeni. Mkutano wa kijiji ni wenu, na mapato na matumizi yasomwe mbele yenu. Nawaomba walimu watusomee kurasa za Hansard darasani, tupime swali lipi lilipata jibu na lipi lilipata maneno. Nasi wanafunzi, wakati wa likizo twende na daftari, tuwaandikie wazee wetu yale wanayoyajua lakini hawakuyaandika.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi naongeza kwamba wako waliouliza wakiwa wamechelewa. Mjomba wangu hutaka kujua kila nirudipo nyumbani kama jibu limekuja. Namwambia bado. Hujibu, "Basi uliza tena."

Mwanafunzi, Kidato cha Sita