Manahodha Wawili, Chombo Kimoja: Lugha ya Kazi Kati ya Mratibu wa Safari na Rubani

Alfajiri katika kituo cha matatu cha Magogoni, Kisauni, mawasiliano ya kikazi huendeshwa kwa kiganja cha mkono. Utingo hubamiza bodi la gari, na dereva hutambua papo hapo pigo la kusimama na pigo la kuondoka. Utingo si mkubwa wa dereva. Hata hivyo, dereva asikiapo pigo la kusimama hasiti, kwani pigo hilo halipimwi kwa cheo cha aliyelipiga bali kwa maana iliyokubaliwa na wote wawili. Miongoni mwa abiria wa alfajiri hiyo wamo wanaovuka Daraja la Nyali, wakapita kisiwani na kuingia Changamwe, wakielekea kazini katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Watu hao hushuka kwenye chombo ambacho ishara zake hazina utata, wakaenda kuhudumia vyombo ambavyo, pamoja na mitambo yote vilivyo nayo, vimewahi kuanguka kwa sababu neno moja halikutamkwa, au lilitamkwa lisithibitishwe.

Nyuma ya rubani wa shirika la ndege yuko mtu asiyeonekana na abiria. Huyu ni mratibu wa safari za ndege. Yeye hukaa chini ardhini, akasoma hali ya hewa, akakadiria mafuta, akapanga njia na kuteua kiwanja mbadala iwapo kile kinachokusudiwa kitafungwa. Nchini Kenya kazi hii ina leseni yake, na hufunzwa katika Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kilichoko Embakasi, Nairobi. Katika sheria za Marekani, mratibu na rubani mkuu hubeba kwa pamoja jukumu la maandalizi na la kuiruhusu safari ya shirika la abiria.

Hapa ndipo methali ya Waswahili inapoingia: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumnyamazisha mdogo mbele ya mkubwa, na huo ndio upotoshaji unaopaswa kukosolewa. Methali inakataza amri mbili zinazopingana. Haikatazi macho mawili wala vinywa viwili. Mabaharia wa pwani walilijua hilo. Neno lenyewe, rubani, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la baharini kabla ya kupaa angani: rubani ndiye aliyeujua mkondo na miamba, akaiongoza jahazi bandarini ilhali chombo ni cha nahodha. Nahodha aliyempuuza rubani wake hakulinda heshima ya cheo chake. Alikiweka chombo hatarini.

Mifano ya angani ni mizito. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya shirika la Avianca, safari nambari 52, ilitoka Colombia kwenda New York. Kutokana na hali mbaya ya hewa, ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja ikisubiri zamu ya kutua. Rubani msaidizi aliomba kipaumbele, na baadaye akasema kwamba mafuta yalikuwa yanawaishia. Rubani mkuu alimwagiza kwa Kihispania awaambie waongozaji kwamba wako katika dharura. Neno hilo la dharura halikufika mnarani. Mafuta yalikwisha, ndege ikaanguka, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Wachunguzi wa Marekani walitaja kosa la marubani la kutotangaza dharura. Aidha, walieleza kuwa marubani hawakuutumia mfumo wa uratibu wa shirika lao kuwasaidia safarini, na kwamba marubani na waongozaji hawakuwa na istilahi sanifu za kueleza upungufu wa mafuta. Msomi wa Kiswahili na aisome tena sababu hiyo ya mwisho: ukosefu wa istilahi uliandikwa katika taarifa ya vifo.

Hata hivyo, si haki kulitupia lawama tatizo la lugha ya kigeni pekee. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari nambari 507, iliondoka Douala, Kameruni, kuja Nairobi, huku mvua ya radi ikiwa imetanda. Iliruka bila kibali cha mnara. Muda mfupi baadaye rubani mkuu alitamka neno la kuashiria kwamba mtambo wa ndege kujiendesha umeshika usukani. Utaratibu ulitaka neno hilo lijibiwe. Halikujibiwa, na mtambo haukuwa umeshika. Ndege ikainamia upande wa kulia taratibu bila kutambuliwa, na ilipotambuliwa wakati ulikuwa umekwisha. Watu wote 114 waliangamia. Taarifa ya uchunguzi, iliyotolewa mwaka 2010, ilitaja ukosefu wa uratibu kati ya marubani hao wawili. Hata baada ya ajali, watafutaji walianza kwa kuelekezwa mbali, ilhali mabaki yalikuwa katika kinamasi cha mikoko, chini ya kilomita 6 kutoka uwanjani. Kimya kingi kina mshindo mkuu: wahenga hawakuijua ndege, lakini walikijua kimya.

Marubani wale wawili walikuwa na lugha za kutosha. Kilichokosekana ni mwitiko. Wanafunzi wa pragmatiki wanafahamu kwamba usemi ni tendo, na kwamba tendo hilo halikamiliki mpaka lipokelewe na msikilizaji. Sasa yafaa wakiri kwamba utamaduni wa mawasiliano unaosifiwa sana katika kumbi za Kiswahili una upande wake wa hatari. Adabu humfunza mdogo asimkatize mkubwa. Tafsida humfunza alipunguze kali la neno. Fumbo humfunza aseme pembeni ili mwenye akili atambue. Barazani haya ni mapambo. Penye hatari, mratibu kijana anayemwambia rubani mzee kwamba "huenda mvua ikasumbua kidogo" amehifadhi adabu na kuficha habari.

Wapo watakaopinga kwamba anga ni milki ya Kiingereza na Kiswahili hakina la kufanya huko. Ni kweli kwamba katika redio ya safari za kimataifa Kiingereza ndicho kiunganishi, na tangu Machi 2008 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linadai kiwango maalumu cha umilisi wa lugha kwa marubani na waongozaji. Hakuna mwenye busara atakayetaka kuliondoa hilo. Lakini kazi ya ndege haifanyiki redioni tu. Wapakia mizigo, wajaza mafuta na mafundi wa viwanja vya Afrika Mashariki huzungumza Kiswahili, na habari nyingi humfikia mratibu na rubani kupitia kwao.

Kwa hivyo, wapangaji wa istilahi katika BAKITA, CHAKITA na vyuo vikuu hawana budi kupanua kazi yao. Istilahi zimezoea kuanza na nomino: bawa, injini, mnara. Kinachohitajika zaidi ni rejista ya matendo, yaani maneno machache, mafupi, yenye maana moja isiyobadilika. Mdogo apewe ngazi tatu zinazojulikana na wote, kwa mfano: "natahadharisha", "napinga", "simamisha". Mkubwa naye afungwe na kanuni ya kurudia alichoambiwa kabla ya kutenda, ili kimya kisihesabiwe kamwe kuwa ndiyo. Rejista ya namna hii haivunji adabu. Inampa mdogo neno lililokwisha kuruhusiwa, hivyo halazimiki kuchagua kati ya heshima na uhai wa abiria.

Uwanja wa utafiti hauko mbali. Mwanafunzi anaweza kuanza Magogoni, akarekodi ishara za utingo na dereva, kisha akavuka hadi Changamwe kuchunguza maagizo yanavyotolewa kazini. Huenda akagundua kwamba kanuni inayohitajika angani imekuwa ikifanya kazi barabarani kwa miaka mingi: pigo la kusimama ni la kusimama, awe amelipiga nani. Chombo hakiendi mrama kwa kuwa na manahodha wawili wanaosikilizana. Huenda mrama pale mmoja anaposema na mwingine akanyamaza.