Tusiucheke utafiti wa hamira

Mtu akisikia kwamba mwanasayansi analipwa mshahara kuchunguza hamira, ile ile inayoumua mkate, huenda akacheka. Wengine hukasirika na kuuliza: wagonjwa wanakosa dawa, hamira ni ya nini? Nawasihi wasubiri kidogo.

Hamira ni kiumbe hai chenye seli moja tu, na seli hiyo hufanya mambo mengi sawasawa na seli zetu. Ndani yake hutengenezwa protini za kila aina, na kila moja sharti ifikishwe mahali pake. Katika miaka ya 1980, watafiti nchini Marekani, miongoni mwao Scott Emr, walitafuta hamira zilizopoteza uwezo huo. Kazi hiyo ilifichua zaidi ya jeni 40. Mojawapo huitwa VPS35.

Aliyewahi kurudisha kreti ya soda dukani ataielewa. Baadhi ya protini hubebwa na vibebaji hadi karibu na ghala la seli. Mzigo ukishushwa, kibebaji hurudishwa kitupu kikachukue mwingine. VPS35 husaidia kuvirudisha. Jeni hiyo ikiharibika, kreti hazirudi, na protini zilizokusudiwa ghala humwagika nje ya seli.

Hayo yanamhusu vipi mzee anayetetemeka mikono? Mwaka wa 2011 iligunduliwa kwamba kasoro katika jeni hiyo hiyo kwa binadamu husababisha ugonjwa wa Parkinson katika baadhi ya familia. Ni wagonjwa wachache sana walio nayo, na ugunduzi huo bado haujaleta tiba. Hata hivyo, wanaotafuta dawa sasa wana mahali pa kuanzia, nao wamepaonyeshwa na hamira.

Hapa Kenya, sheria ya sayansi ya 2013 inataka hazina ya utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujafika hapo. Ni kweli dawa za leo lazima zinunuliwe leo. Lakini nchi isiyochunguza chochote itabaki mteja wa wengine milele. Wabunge wetu wanapojadili bajeti, tuwakumbushe sheria waliyoipitisha wenyewe.

Na wewe msomaji, ukimwona mzazi wako anatetemeka, anatembea kwa kuburuta miguu au mwili umekakamaa, usiseme amerogwa wala usidhani ni uzee tu. Mpeleke hospitalini. Zipo dawa za kumpunguzia taabu.