Stika ipo kwenye simu, fidia ipo wapi?

KAULI YA NYANDA ZA JUU
Na Tumaini Kalolo

Trafiki wa siku hizi hana haja ya kuinama kusoma stika kwenye kioo cha gari. Anaandika namba ya gari kwenye simu, na mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) unamjibu kama bima ipo, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Tangu 2021, stika za karatasi zilipoachwa, dereva wa fuso anayeshusha magogo kiwandani Mgololo, wilayani Mufindi, na bosi wa Masaki, Dar es Salaam, mwenye gari la kifahari wamo kwenye daftari moja.

Hatua hiyo naiunga mkono. Zamani vishoka waliuza stika za bandia, na mwenye gari akatembea mwaka mzima akijua ana bima. Siku ya ajali akienda kwenye kampuni anaambiwa hawamtambui, na kishoka hapatikani tena kwa simu. Leo hata abiria anaweza kuhakiki gari kwenye tovuti ya TIRA kabla ya kupanda.

Ila mabadiliko haya yamerahisisha mambo mawili, kulipa na kukamatwa. La tatu, yaani kulipwa fidia, limebaki pale pale.

Tuanze na pesa. Bima ndogo ya gari binafsi ni Sh118,000 kwa mwaka, yaani Sh100,000 za bima na Sh18,000 za kodi ya ongezeko la thamani. Bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kwa hiyo Noah ya Sh milioni 12 inakatiwa kwa Sh420,000, na kodi ikiongezwa inakuwa Sh495,600. Gari la abiria hulipiwa zaidi ya gari binafsi.

Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Mwenye Noah au Probox anaikatia bima ya matumizi binafsi, kisha anaigeuza mchomoko wa kubeba watu vijijini. Trafiki akiangalia simu anakuta bima ipo, anaruhusu. Gari likipinduka, kampuni inauliza swali ambalo barabarani halikuulizwa: lilikuwa linafanya kazi gani? Hapo mvutano unaanza, na anayeumia ni abiria aliyelipa nauli yake kihalali. Vibarua wanaopanda juu ya magogo wajue pia kwamba bima ya lori la mizigo haikuandikwa kwa ajili ya abiria.

Madereva wengi huichukulia bima ndogo kama kinga ya trafiki. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, iliilazimisha kwa ajili ya mtu mwingine kabisa: mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli, abiria. Machi 11, 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Familia inayopatwa na msiba wa namna hiyo hujiuliza, baada ya maziko, tunaanzia wapi?

Inaanzia kwenye makaratasi. Inatakiwa fomu ya polisi ya PF3, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, vyeti vya hospitali na mara nyingi hukumu ya kesi ya dereva. Kama aliyegongwa amefariki, kuna mirathi ya kufungua kwanza. Sasa mchukue mtu wa Mgololo aliyevunjika mguu. Kutoka hapo hadi Mafinga ni kama kilomita 80, na njia yake kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi. Atazirudia mara ngapi akiwa na magongo?

Ndiyo maana watu huamua kumalizana. Dereva anatoa laki mbili au tatu, mwenyekiti wa kitongoji anashuhudia, karatasi inasainiwa. Aliyeumia amepata kidogo. Dereva aliyekwisha kulipia bima amelipa mara ya pili kutoka mfukoni, tena kinyume cha mkataba wake, kwani mikataba mingi ya bima inamkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Kampuni imebaki na ada yake nzima.

Kampuni zitasema zinajikinga na madai ya uongo. Ni kweli yapo, lakini dawa yake ni uchunguzi wa haraka. Kumchosha mwenye haki hadi akate tamaa hakumzuii tapeli.

Mfumo unaoweza kumwambia trafiki jina la kampuni kwa dakika moja unaweza kumwambia majeruhi pia. Polisi waandike jina la kampuni na namba ya bima kwenye PF3 pale pale inapotolewa, na mfumo uijulishe kampuni siku hiyo hiyo. Trafiki anapohakiki, aangalie na matumizi ya gari, asiishie kwenye neno "ipo". Kampuni zipokee madai kwa simu, kama zinavyopokea ada. Na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayetajwa na Sheria ya Bima ya 2009, afike Mufindi ili wananchi wajue kwamba malalamiko yao yana pa kupelekwa.

Dereva, kata bima inayolingana na kazi ya gari lako, na ajali ikitokea ijulishe kampuni kabla hujatoa hata shilingi. Nawe uliyegongwa, shika namba ya gari, chukua PF3, na usisaini karatasi ya kumalizana kabla hujajua gari hilo limekatiwa bima wapi. Fidia hiyo ni haki yako kisheria, na ada yake imeshalipwa.