Vyuma Havidumazi Mtoto

Mwambie mzazi wa Nakuru kwamba binti yake wa miaka 12 anayecheza tenisi anahitaji mazoezi ya uzani, naye atakuuliza papo hapo: "Unataka adumae?" Kocha mara nyingi atamuunga mkono, kisha atamtuma mtoto akimbie. Ataupanda mlima wa Menengai, atarudi akihema, na wakubwa wataridhika. Imani hii haina msingi, na wanaoumia ni watoto wetu.

Mifupa ya mtoto hurefukia kwenye tabaka la gegedu lililo karibu na ncha zake, na hofu ya wazazi ni kwamba mzigo utaliharibu tabaka hilo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimelifuatilia suala hili miaka mingi, na mwongozo wake wa 2020 hauachi shaka: mazoezi ya uzani yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayazuii ukuaji. Watoto huumia, ndiyo, lakini zaidi wanapoachiwa vyuma peke yao, chuma kikawaangukia kidoleni au wakaanza kushindana nani atainua kizito zaidi. Hapo aliyekosea ni mtu mzima ambaye hakuwepo.

Tena hofu yenyewe inachagua. Njoro, Molo na Subukia, mtoto wa umri huohuo hubeba mgongoni mtungi wa lita 20, kilo 20 za maji, akipanda mlima, na hakuna anayesema atadumaa. Akiruka kutoka ukutani, miguu yake hupokea kishindo kinachozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, na hatujawahi kupiga marufuku kuruka. Lakini achuchumae na kusimama akiwa amekumbatia mfuko wa mchanga wa kilo 4, mbele ya kocha, tunapiga kelele.

Mapenzi yetu kwa mbio nayaelewa. Dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki ililetwa na Samuel Wanjiru wa Nyahururu, Beijing 2008. Ila tenisi ni mchezo wa namna nyingine. Pointi nyingi huisha kabla ya sekunde 10, kisha mchezaji ana hadi sekunde 25 kabla ya sevu inayofuata. Anachohitaji ni kuchomoka, kusimama ghafla, kugeuka na kupiga. Bonde la Ufa hilihili limemtoa pia Julius Yego wa Nandi, aliyerusha mkuki mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia mwaka 2015, na mrusho wa namna hiyo haujengwi kwa kilomita za asubuhi. Sevu inafanana nao sana: nguvu huanzia miguuni, hupita nyonga na kiwiliwili, ndipo ifike begani na kwenye raketi. Kiwiliwili kikiwa legelege, bega hubebeshwa kazi yote. Halafu kijana wa miaka 15 akilalamika kwamba bega au kiuno kinamuuma, tunamwambia apumzike wiki mbili, arudi kwenye mbio zilezile.

Nakuru kuna jambo jingine, na kwangu ndilo zito zaidi. Mji huu uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu nyepesi huupa mpira kasi, hata Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeweka aina maalumu ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Maana yake ni kwamba mtoto wa hapa hukopeshwa nguvu na hewa, na udhaifu wake haujitokezi. Mpeleke Mombasa. Mpira unapunguza mwendo, majibizano yanarefuka, na kila pigo linadai nguvu yake mwenyewe. Anaposhindwa tunalaumu joto. Joto lipo, sikatai, lakini miguu isiyoweza kumsukuma ilitoka naye nyumbani.

Julai 2022 Mkenya mwenzetu Angella Okutoyi, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili kwa kushinda tai breki ya mwisho 11-9. Upande wa pili wa wavu alikuwepo Victoria Mboko wa Kanada, binti wa wazazi kutoka Kongo. Agosti 2025, akiwa na miaka 18, Mboko alimshinda Naomi Osaka na kutwaa taji la wakubwa mjini Montreal. Pengo la pesa na mashindano kati yetu na Kanada hatutaliziba kesho. Pengo la misuli tunaweza kuanza kulipunguza wiki hii.

Vifaa havigharimu mengi: tyubu kuukuu ya baiskeli iliyokatwa ukanda kwa ajili ya misuli ya nyuma ya bega, mfuko wa mchanga, kamba ya kuruka. Nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki, mtoto akifundishwa kwanza kuchuchumaa na kujiinua kwa mikono ipasavyo, uzito ukiongezwa kidogo kidogo baadaye. Mzazi unayelipia mafunzo ya likizo ya Desemba, kabla ya kutoa ada mwombe kocha akuonyeshe nusu saa hizo kwenye ratiba yake. Akikuambia mtoto atakimbia tu, mpeleke kwa kocha mwingine.