Uitishwe Msaragambo wa Wazee

Ndugu zangu wa Chome, Suji, Mbaga, Gonja na Same mjini, nanyi mlioko Dar es Salaam: wazee wetu wanaumwa presha, na sisi tumewaachia vidonge tu.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Hai, mkoani kwetu humu. Katika watu wa vijijini wenye miaka 70 na zaidi, karibu 7 kwa kila 10 walikuwa na presha ya juu, na wengi hawakuwa na habari. Sioni kwa nini tudhani huku Upareni tumesalimika.

Ingia jikoni kwa bibi. Makande yanachemka saa nyingi juu ya mafiga. Mwezi wa saba, kwa baridi ile ya milimani, mlango umefungwa naye kakaa humo humo anaota moto. Moshi huo hauishii kumtoa machozi. Unaingia mapafuni na kuisumbua mishipa ya damu. Baridi nayo huibana mishipa, presha ikapanda. Bado kuna ndoo ya maji ya kupandisha mlima, upweke wa nyumba ambayo watoto wote wameshuka mjini, na nauli ya bodaboda kwenda kupimwa. Matokeo yake, dawa anazimeza siku kichwa kikiuma; kikipoa, anaziweka.

Kushirikiana hatufundishwi. Ndiva, yale mabwawa yetu ya kumwagilia, na mifereji yake vilichimbwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na barabara kadhalika. Basi uitishwe na wa wazee. Kila kitongoji kipite nyumba za wanaoishi peke yao: tutoboe dirisha jikoni, tujenge jiko lenye bomba la kutolea moshi, tupasue kuni na kuzianika zikauke. Udongo upo, mafundi tunao.

Nanyi wa mjini mnaopanda kuja nyumbani Desemba, punguzeni kreti za soda. Familia tatu nne zichange mashine ya kupimia presha, ikae kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Ikionyesha 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, mzee apelekwe zahanati, na bodaboda ilipwe na ukoo. Sera ya serikali inasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure; nauli ni juu yetu.

Wenyeviti wa vitongoji, tangazeni siku hiyo mapema, kabla baridi ya Juni haijaingia. Majembe tutakuja nayo.