Klabu iliyouzwa kwa pauni moja, na timu zetu za mtaa

Wiki mbili zilizopita tuliitwa kikao baada ya swala ya Isha, sisi wanakamati wa zamani wa timu ya mtaa wetu hapa Mombasa. Ajenda ilikuwa moja tu. Kuna bwana mmoja anayeusubiri uchaguzi wa 2027, amejitolea kuibeba timu: jezi seti mbili, mipira, viatu, na matatu ya kuwapeleka vijana mechi za ugenini. Sharti lake ni dogo, kwa maneno ya mjumbe wake. Anataka timu isajiliwe upya, na yeye ndiye aandikwe mwenyewe.

Vijana walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, nikaulizwa, "Mbona katibu umenuna?" Nikawaambia wanipe muda nitajibu kwa maandishi. Jibu langu ndilo hili, na naomba mnivumilie kwa sababu linaanzia mbali, Uingereza.

Hapa kwetu hakuna barza isiyojua habari za Arsenal na Manchester United. Lakini ni wachache wanaofuatilia yanayotokea chini huko, kwenye ile inayoitwa League One. Jina lenyewe linadanganya. Ukisikia "One" utadhani ndiyo ya kwanza, kumbe ni ya tatu, chini ya Premier League na Championship. Ni ligi ya kulipwa, mchezaji hana kazi nyingine. Ila pesa za televisheni zinazofika huko ni makombo ukilinganisha na za juu. Klabu inaishi kwa tiketi za mlangoni na mfuko wa tajiri anayeimiliki. Tajiri akifunga mfuko, mji mzima unajua.

Msimu ninaotaka tuukumbuke ni wa 2019/20. Sijui msimu mwingine ulioonyesha waziwazi hivyo kwamba mechi inaweza kuamuliwa kabla mpira haujapigwa.

Ulianza na timu ya Bury. Huu ni mji mdogo karibu na Manchester, na klabu yake ilianzishwa mwaka 1885. Ilibeba Kombe la FA mara mbili, 1900 na 1903, na ilikuwa kwenye ligi tangu 1894. Msimu wa 2018/19 ilipanda daraja kutoka ligi ya nne. Wachezaji walipanda huku mishahara yao haijalipwa. Miezi michache kabla, Desemba 2018, klabu ilikuwa imeuzwa kwa mfanyabiashara mmoja kwa pauni moja. Ndiyo, moja. Bei hiyo haikuwa zawadi. Aliyenunua alinunua madeni, na uwanja wa klabu, Gigg Lane, ulikuwa tayari umewekwa rehani.

Ligi ilipoanza Agosti, mechi za Bury ziliahirishwa moja baada ya nyingine. Wasimamizi wa ligi walitaka kuona ushahidi kwamba kuna pesa za kumaliza msimu, na ushahidi haukuja. Mwanamama mmoja aliyewahi kuwa mkurugenzi wa klabu alijifunga pingu kwenye bomba nje ya uwanja. Tarehe 27 Agosti mashabiki walijitokeza na mifagio na vitambaa kusafisha viti, wakiamini mnunuzi mpya amepatikana na mechi itachezwa. Jioni hiyo hiyo mnunuzi alijitoa. Usiku klabu ikafukuzwa ligini. Baada ya miaka 125, Bury iliondolewa bila kucheza mechi hata moja ya msimu ule, na ligi ikabaki na timu 23.

Walioshika mifagio hawakuwa wamekopa wala hawakuweka rehani chochote. Lakini wao ndio waliobaki bila timu.

Timu ya pili ni Bolton. Hii mnaijua. Ndiyo ile ya Jay-Jay Okocha, tuliyokuwa tukiitazama kwenye vibanda vya video tukiwa vijana. Ni moja ya klabu 12 zilizoanzisha ligi ya Uingereza mwaka 1888. Kufikia Mei 2019 ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi, na wafanyakazi wake wasiolipwa wakafunguliwa ghala la chakula cha msaada. Msimu wa 2019/20 iliuanza ikiwa imekatwa alama 12. Yaani unaingia uwanjani ukiwa chini ya sifuri.

Wachezaji wakubwa walikuwa wamekwisha ondoka. Ikabidi vijana wa akademia waingizwe. Tarehe 10 Agosti kikosi cha wastani wa miaka 19 kilitoka sare ya bila kwa bila na Coventry, na mashabiki wakakishangilia kana kwamba wamebeba kombe. Wiki iliyofuata wakapigwa 5-0 na Tranmere, baadaye 5-0 na Ipswich. Katikati hapo klabu iliiahirisha mechi moja yenyewe kwa kuogopa kuwaumiza watoto. Wawekezaji wapya waliinunua Bolton tarehe 28 Agosti, siku moja baada ya Bury kufukuzwa. Ilipona, lakini ilimaliza mkiani ikiwa na alama 14, ikashuka daraja.

Kisha likaja lile ambalo halikuwa kosa la mtu. Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, siku ile ile Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, ligi ilisimamishwa. Premier League na Championship zilirudi kucheza bila mashabiki. League One hazikuweza hivyo kirahisi. Kuwapima wachezaji kila mara ni gharama, na bila watu mlangoni hakuna cha kulipia gharama hiyo. Baadhi ya klabu zilitaka kuendelea, nyingi zikakataa. Tarehe 9 Juni zikapiga kura: msimu uishe, na msimamo upangwe kwa hesabu. Chukua alama za timu, gawanya kwa mechi ilizocheza.

Mimi nilisomea uhasibu, diploma tu, na hesabu hizi nilizifanya mwenyewe. Wycombe ilikuwa na alama 59 kwa mechi 34. Peterborough ilikuwa na alama 59 hizo hizo, ila kwa mechi 35. Kabla ya kugawanya, Peterborough ilikuwa ya sita, ndani ya mechi za mchujo, na Wycombe ya nane, nje. Baada ya kugawanya, Wycombe ikaruka hadi ya tatu kwa wastani wa 1.74, na Peterborough ikaporomoka hadi ya saba kwa 1.69. Alama sawa, hatima mbili. Wycombe, timu ya yule Akinfenwa mwenye mwili kama mbeba magunia wa Bandarini, ilicheza fainali ya mchujo Wembley tarehe 13 Julai, viti vitupu, ikaifunga Oxford 2-1. Ilipanda Championship kwa mara ya kwanza katika historia yake. Coventry, waliokuwa mabingwa, na Rotherham walipanda moja kwa moja.

Chini ya jedwali palikuwa na kilio. Tranmere walikuwa na alama 32 kwa mechi 34. Mbele yao AFC Wimbledon walikuwa na 35 kwa mechi 35. Tofauti ni alama tatu, na Tranmere wana mechi mkononi, tena walikuwa wameshinda tatu mfululizo kabla ya ligi kusimama. Kalamu ikasema 0.94 dhidi ya 1.00. Tranmere wakashuka bila kufungwa na mtu.

Hapa kuna jambo la kupima kwa uadilifu. Wimbledon waliopona ni klabu ya mashabiki. Waliianzisha wenyewe mwaka 2002 baada ya klabu yao ya zamani kuruhusiwa kuhamishiwa mji mwingine, Milton Keynes. Ningependa kuwaambia kwamba walipona kwa sababu ni mali ya wananchi. Sivyo. Walipona kwa sababu ya kugawanya. Na Wycombe nao walikuwa mali ya mashabiki tangu 2012, lakini mapema mwaka 2020 wanachama wenyewe walipiga kura kumuuzia Mmarekani mmoja robo tatu ya klabu, kwa kuwa hawakuwa na pesa. Robo wakabaki nayo. Kwa hiyo sisemi tajiri ni adui. Bolton iliokolewa na wenye pesa. Ninachosema ni kwamba Wycombe waliulizwa, na watu wa Bury hawakuulizwa.

Mtaniambia hayo ni ya Wazungu. Haya, turudi nyumbani, msimu ule ule. Mdhamini mkuu wa ligi yetu alikuwa amejiondoa. Novemba 2019, SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa Kenya wa 2006, ilifukuzwa Ligi Kuu baada ya kukosa kufika mechi tatu. Haikuwa na uwezo. Aprili 2020 ligi ikavunjwa kwa ajili ya korona na Gor Mahia wakatangazwa mabingwa. Kufukuzwa kwa timu na ubingwa wa mezani, yote tuliyaona hapa hapa. Tofauti ni kwamba Uingereza kisa cha Bury kilizua uchunguzi, na Julai 2025 ikapitishwa sheria inayoweka msimamizi huru wa kuangalia nani anamiliki klabu na anaiendesha kwa pesa gani. Awendo walipewa pole.

Na sisi wapwani tusijifanye wageni. Feisal ya Mombasa ilibeba ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Muulize kijana wa miaka 20 hapa mtaani kama analijua jina hilo. Leo tukitaja timu ya Pwani ya Ligi Kuu tunataja Bandari, na Bandari ina mgongo wa Mamlaka ya Bandari nyuma yake. Timu za mitaa hazina mgongo huo. Mgongo wake ni watu.

Sasa nifike kwenye kikao chetu. Nilinuna kwa sababu nimewahi kuipiga muhuri karatasi kama hii. Mwaka 2013 nilikuwa katibu. Alikuja bwana mwingine, si huyu, na ahadi zinazofanana kama maji na maji. Tuliandika timu kwa jina lake, mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Tulipata jezi, tukapata na picha. Alipokosa kura, simu yake ikawa haipokelewi. Tulikosa mechi ya kwanza ya ugenini, vijana wakakaa na mabegi yao njiani mpaka jua likachwa. Ya pili tukakosa. Tulipotaka kusajili timu msimu uliofuata tukaambiwa ina mwenyewe, aje yeye. Hakuja. Ikabidi tuanze na jina jipya, daraja la chini kabisa, na nusu ya wachezaji wazuri walikuwa wamekwisha tawanyika. Wengine mnawaona leo stendi ya bodaboda. Sidai wangefika Ulaya. Nadai walistahili kufungwa uwanjani, si kwenye karatasi niliyoiandika mimi.

Kwa hiyo rai yangu kwa kamati na kwa vijana ni hii.

Jezi tuzipokee, na matatu tuipande. Mwenye kutoa Mungu atamlipa, na akitaka picha tumpige. Kijana anayecheza pekupeku hawezi kuambiwa asubiri mdhamini msafi wa moyo. Lakini usajili ubaki kwa jina la wanachama wa mtaa, na ubadilike tu kwa mkutano wa wanachama wote, si kwa saini ya watu watatu usiku. Msaada uandikwe: ni nini, ni wa muda gani, ukikatika tutafanya nini. Na pesa ziwe na daftari linalosomwa mbele ya watu kila mwezi, hata zikiwa shilingi mia tano. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bury walikuwa na mawakili na benki, na bado ilipotea.

Iwapo bwana huyu ana mapenzi na vijana, masharti haya hayatamuudhi. Iwapo yatamuudhi, basi tutakuwa tumejua mapema, kabla ya vijana kukaa njiani na mabegi.

Timu ni amana. Wazee waliokuwa wakichanga senti senti za kununulia mpira wa ngozi wengi wametangulia mbele ya haki. Hawakutuachia tuigawe.

Watu wa Bury, kwa taarifa yenu, hawakukata tamaa. Mashabiki walichanga, wakapata wa kuwasaidia, wakaununua ule uwanja, na mwaka 2023 klabu ikarudi kucheza Gigg Lane kwa jina lake, katika daraja la tisa. Kutoka la tatu hadi la tisa. Ndiyo gharama ya kutoulizwa.

Kikao kijacho ni Jumamosi baada ya Alasiri, panapo majaaliwa. Nitakuja na daftari jipya. Naomba kila mwanachama aje na kitambulisho chake, tuandike majina.