"Pink Floyd mpya" ni nani? Tumeziweka bendi zote kwa mizani, na majibu si yale unadhani

Mei 2025, albamu iliyofika namba 1 kule Uingereza ilikuwa na muziki uliopigwa 1971. Soma hiyo tena polepole. Ni Pink Floyd, ile shoo waliyorekodi kwenye uwanja wa kale wa Warumi pale Pompeii, Italia, bila shabiki hata mmoja kwenye viti. Filamu ikarudishwa kwenye sinema, albamu ikaachiliwa, na wazee wakapita vijana wote kwenye chati.

Mwezi huo huo Sleep Token, wale majamaa wa London wanaoficha sura kwa vinyago, wakaangusha Even in Arcadia na ikashika namba 1 Uingereza na Marekani. Oktoba, Rush wa Canada wakatangaza kwamba wanarudi kwa steji. Novemba, Radiohead wakapanda jukwaa Madrid kwa mara ya kwanza tangu 2018. Na kila mara ni mjadala ule ule: je, hawa ndio Pink Floyd wa kizazi chetu? Ama hawa wengine walikuwa wakali kuliko Pink Floyd?

Wacha tuongee ukweli. Watu wengi wakisema bendi fulani "ni kama Pink Floyd" wanamaanisha vitu vitatu: ngoma ndefu, taa nyingi kwa steji, na huzuni. Kama hiyo ndiyo mizani, basi hata matanga yenye jenereta nzuri ni Pink Floyd. Tunahitaji mizani ya maana.

Kwanza, hawa wasee walikuwa nani?

Pink Floyd ilianza London mwaka 1965. Kiongozi wao wa kwanza, Syd Barrett, ndiye aliyekuwa akiandika karibu ngoma zote. Albamu ya kwanza ilitoka 1967, ikirekodiwa studio za EMI pale Abbey Road wakati ambapo Beatles walikuwa chumba kingine wakitengeneza Sgt. Pepper. Lakini akili ya Barrett ikaanza kuyumba, na kufikia 1968 alikuwa nje. Bendi nyingi zikipoteza mtunzi wake hufa hapo hapo. Hawa walimleta David Gilmour kwenye gita na wakaendelea na Roger Waters, Richard Wright na Nick Mason.

Kilichofuata ni miaka mitano ya kujaribu na kukosea. Walipiga muziki wa filamu. Walitoa albamu ambapo kila mmoja alipewa sehemu yake afanye anavyotaka. Walialika okestra. Uingereza watu waliwapenda, na Atom Heart Mother ilifika namba 1 mwaka 1970. Lakini Marekani, soko lenye chapaa, hakuna albamu yao hata moja iliyokuwa imeingia 40 bora.

Ndipo Machi 1973 wakatoa The Dark Side of the Moon. Hiyo ilikuwa albamu yao ya 8. Ya nane, msomaji wangu! Marekani ilikaa namba 1 wiki moja tu, lakini kwenye chati ya albamu 200 ilikaa jumla ya wiki 741 kati ya 1973 na 1988. Mtoto aliyezaliwa ilipotoka alimaliza shule ya msingi bado iko hapo.

Na haikuanguka kutoka mbinguni. Walianza kuipiga jukwaani Januari 1972, zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuiuza. Usiku baada ya usiku walikuwa wanaona ni wapi watu wanatulia na ni wapi wanaenda kununua bia, kisha wanarekebisha.

Kwa hivyo mizani yetu ni hii. Moja: bendi ilipewa muda wa kukosea? Mbili: ilitumia huo muda kujenga kitu kimoja kikubwa chenye wazo, ama ilitoa tu ngoma ndefu? Tatu: mtu ambaye hajui chochote kuhusu gita anaweza kuisikia na kuguswa? Hiyo ya tatu ndiyo huangusha wengi.

Wazee wenzao

Tuanze na King Crimson. In the Court of the Crimson King ilitoka Oktoba 1969, na wengi huihesabu kama mahali ambapo progresivu roki ilishika njia. Walikuwa wakali kwa vyombo kuliko Pink Floyd, hiyo haina ubishi. Lakini bendi ilibadilika watu kila wakati, na muziki wao unataka ukae kwa kiti ukiwa makini kama uko kwa mtihani. Swali la tatu linawasumbua.

Yes nao, 1972, walitoa Close to the Edge, ambapo wimbo mmoja wa dakika 18 na ushei unakula upande mzima wa sahani. Ufundi uko juu sana. Lakini waulize mashabiki wenyewe wimbo unazungumzia nini, utapewa majibu kumi tofauti. Pink Floyd waliimba kuhusu saa zinazopita, pesa, vita na kuchanganyikiwa. Hayo hata nyanya yako anaelewa.

Genesis ndio wanakaribia zaidi kwa historia. Peter Gabriel, aliyekuwa sauti na sura yao, alitoka 1975. Phil Collins akatoka nyuma ya drami akashika maikrofoni, na baada ya muda wakawa bendi kubwa ya pop. Walinusurika kama Pink Floyd, ila waliponea kwa kubadilisha njia.

Na Rush je? Hapa ndipo kuna somo. Mwaka 1975 albamu yao Caress of Steel ilianguka vibaya, na kampuni ikawaambia wapunguze madoido, walete ngoma fupi za redio. Majamaa wakadinda. 1976 wakaleta 2112, ambayo upande wake wa kwanza wote ni hadithi moja ya dakika 20. Hiyo ndiyo iliyowaokoa. Drama Neil Peart alifariki Januari 2020 na wengi walidhani ndiyo mwisho. Sasa wanarudi na Anika Nilles, dada kutoka Ujerumani, kwenye drami.

Wa sasa

Radiohead ndio wamebeba hilo jina muda mrefu zaidi, tangu OK Computer mwaka 1997. Kwa masikio, ulinganisho si sawa kabisa. Pink Floyd hupumua polepole, Radiohead wana wasiwasi muda wote. Lakini angalia njia. Walisainiwa na EMI, kampuni ile ile iliyowavumilia Pink Floyd. Albamu ya kwanza 1993 iliwapa hit moja, na wengi wakawaona ni bendi ya wimbo mmoja. Wakapewa nafasi ya pili, kisha ya tatu. Na baada ya OK Computer kuwafanya wakubwa, 2000 wakaweka magita kando na kutoa Kid A, iliyojaa mashine na kelele za ajabu. Ikafika namba 1 Marekani. Mkataba ulipoisha, 2007 wakaweka In Rainbows mtandaoni na kumwambia shabiki alipe anachotaka. Maswali yote matatu wamepita.

Tool wa Marekani wamepita mawili. Fear Inoculum ilikuja 2019 baada ya miaka 13 ya kungoja, ikamtoa Taylor Swift namba 1, na wimbo wenye jina la albamu, wa zaidi ya dakika 10, ukawa mrefu kuliko wote waliowahi kuingia Hot 100 hadi wakati huo. Lakini wewe mchezee mtu asiyejua roki. Dakika ya tatu atakuuliza kama kuna kitu kingine.

Sleep Token je? Wanaochekelea hawajui historia. Pink Floyd wenyewe walijificha: ganda la Dark Side ni mwanga unaopita kwenye kioo cha pembe tatu, bila jina la bendi, bila sura ya mtu. Isitoshe, wimbo uliowafungulia Sleep Token milango mwaka 2023, The Summoning, una zaidi ya dakika 6 na ulisambaa kupitia TikTok. Kwa hivyo hiyo stori kwamba vijana hawawezi kutulia na wimbo mrefu ni stori ya jaba. Even in Arcadia ni albamu yao ya 4. Tukiwapima sasa hivi, tunawapima mahali ambapo Pink Floyd walikuwa 1969, wakihangaika. Tulieni kidogo.

Shughuli iko kwa doo

Sasa tufike kwa kitu ambacho mashabiki hawapendi kuongelea. Enzi zile ukinunua sahani, umelipia yote. Kama ina ngoma kumi ama ina mbili, pesa ni ile ile. Kwa hivyo Pink Floyd wakiweka Echoes ya dakika 23 ikikula upande mzima wa Meddle, mfuko haukuumia.

Leo kwenye Spotify, mchezo mmoja unahesabiwa ukisikiliza sekunde 30. Ukimaliza dakika zote 23 za Echoes, hiyo ni hesabu ya moja. Katika muda huo huo msee mwingine amepata hesabu tisa kwa ngoma za dakika mbili na nusu. Tangu 2024, wimbo usiofikisha michezo 1,000 ndani ya mwaka haulipwi chochote. Bendi changa inayotaka kujaribu mambo makubwa inaambiwa na hesabu yenyewe: fupisha.

Na ile EMI iliyovumilia? Iligawanywa na kuuzwa vipande vipande kuanzia 2012. Pink Floyd nao, baada ya miaka ya kugombana kati ya Waters na Gilmour, 2024 waliuzia Sony haki za rekodi zao pamoja na jina, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa karibu dola milioni 400. Angalia hiyo hesabu vizuri. Pesa ipo kwenye muziki. Ila inaenda kununua kilichothibitishwa miaka 50 iliyopita. Kungojea albamu ya 8 ya mtu ambaye bado anajitafuta, hapo hakuna anayetaka kuweka.

Halafu kuna bendi isiyo na watu

Katikati ya 2025 bendi inayoitwa The Velvet Sundown ilipata wasikilizaji zaidi ya milioni moja kwa mwezi kwenye Spotify, ikipiga roki ya taratibu yenye harufu ya miaka ya 70. Baadaye ikatoka wazi kwamba muziki ulitengenezwa kwa akili mnemba. Mashine ilikuwa imejifunza hiyo harufu.

Linganisha na hii. Sauti ya mwanamke inayolia bila maneno kwenye Dark Side ni ya Clare Torry. Aliingia studio, akalipwa pauni 30, akaenda nyumbani. Miaka 30 baadaye akaenda kortini, na 2005 wakaelewana: jina lake likawekwa kama mtunzi mwenza. Kulikuwa na mtu, kwa hivyo kulikuwa na mtu wa kudai haki. Ukisikiliza mashine inayoiga kilio chake, nani ataenda kortini?

Hukumu yetu

Kwa wazee, Rush ndio tunawapa heshima, kwa sababu walikataa kufupishwa. Kwa wa sasa ni Radiohead, na haihusiani na sauti zao kufanana. Ni kwa sababu walifanya kazi ile ile, ya kubadilika mbele ya watu na kupeleka mashabiki mahali hawakuomba kupelekwa. Sleep Token tunawaweka kiporo, turudi albamu ya 8.

Lakini huenda Pink Floyd mpya yuko mahali sasa hivi, kwenye albamu yake ya tatu ambayo haijauza, akiambiwa apunguze wimbo ufike dakika mbili. Kama una bendi unayoipenda ambayo bado haijalipuka, enda shoo yao ulipe mlangoni, nunua tisheti, na usiruke wimbo kabla uishe. Pink Floyd walikuwa na EMI ya kuwangojea. Hao wako na wewe.

Sasa tuambie: wewe ungemweka nani kwenye hiyo mizani, na ni swali gani kati ya yale matatu litamwangusha?